Bangili Kabla ya Besi

Ngazi zilikuwa ishirini na mbili, na Mwalimu Mkuu alizihesabu zote kwa sauti. Alikuwa amestaafu miaka kumi na saba iliyopita, lakini ualimu mkuu haustaafu. Hata wajukuu wake walimwita hivyo, na mfukoni mwa shati bado alitembea na kalamu mbili, nyekundu mbele na ya bluu nyuma.

"Ishirini na mbili," alisema alipofika juu, akihema. "Kitu cha heshima hakifichwi ghorofani."

"Kaka, vuta pumzi kwanza. Utagomba ukishapumzika," alisema dada yake nyuma yake.

Dada huyo mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, kwa sababu ya kiduka chake cha vifungo, zipu na nyuzi. Mletee shati lililopoteza kifungo kimoja, atakutolea mwenzake bila kupima. Alikuwa na miaka sitini na minne. Mumewe, mtu mwema asiye na makuu, alifariki miaka tisa nyuma, na alimlilia kwa haki. Haya nayasema mapema ili asije mtu akadhani mwanamke huyu aliishi miaka yote akimlilia mwingine. Hapana. Aliishi maisha yake. Ila siku hiyo asubuhi alibadilisha gauni mara tatu, akajitukana mbele ya kioo, akarudia lile la kwanza.

Ndani ya mkoba wake mlikuwa na kikopo cha vifungo, na ndani ya kikopo hamkuwa na vifungo. Mlikuwa na bangili saba nyembamba za shaba. Alitaka kuzivaa nyumbani, akaghairi kabla ya kumpitia kaka yake, kwa maana kaka yake alizijua.

Mlango ulifunguliwa na msichana mwenye hedifoni shingoni. Huyu ndiye fundi wa sauti aliyempigia simu Mama Vifungo mwezi uliopita. Kazi yake ilikuwa kusafisha sauti za nyimbo za kale na kuzitoa upya kwenye santuri.

"Shikamoo Mama. Shikamoo Mzee. Karibuni, mwenzenu ameshafika."

Moyo wa Mama Vifungo ukapiga paa! Alijua atamkuta, ndiyo sababu ya kuja. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kumwona mtu amekaa kwenye kiti ni kingine.

Alikuwa amekaa mikono magotini, vilevile kama zamani. Nywele zilikuwa nyeupe pe. Kucha zilikuwa na grisi isiyotoka, maana siku hizi alitengeneza pampu za maji. Enzi zile alipiga gitaa la besi katika Bendi ya Kokoto, na jina la Besi lilimganda mpaka leo. Alisimama, akamtazama, akasahau kusalimia.

"Chiriku," alisema mwishowe.

Hakuna aliyemwita hivyo kwa miaka arobaini na minne. Mama Vifungo alishika kamba ya mkoba kwa mikono miwili. "Umezeeka," alimwambia.

"Na wewe umechelewa. Nilikuwa hapa tangu saa mbili."

"Tuliambiwa saa nne."

"Najua."

Mwalimu Mkuu alikohoa kikohozi cha kuingia darasani. Kulikuwa na viti vinne vimepangwa mstari mmoja. Alimkalisha dada yake cha kwanza, akakaa kando yake, kisha akavua kofia na kuiweka juu ya kiti cha tatu, Besi akabakiwa na kile cha nne. Kofia ile ilikaa pale kama askari wa zamu.

Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimetundikwa mablanketi mazito, dari imebandikwa trei za mayai. Juu ya meza kulikuwa na mashine ya santuri, kompyuta, spika mbili kubwa, na mkataba wa kurasa tatu. Fundi wa sauti alieleza mambo yake bila mbwembwe. Bendi ya Kokoto iliishi miezi minane. Ilirekodi santuri moja tu, wimbo mmoja kila upande, muziki wa soul na fanki wa kuwafanya watu waache viti. Zilichapwa mia tatu, na alizoweza kuzipata yeye ni nne, tatu kati ya hizo mbovu. Wanaosaka santuri za kale walikuwa wanamsumbua kila siku. Wanabendi walikuwa sita. Wanne wameshatangulia mbele ya haki, na watoto wao wamekwisha kutia sahihi.

"Mmebaki nyinyi wawili. Mmoja akikataa, sitoi. Siwezi kuuza sauti ya mtu aliye hai bila ridhaa yake."

"Vizuri," alisema Mwalimu Mkuu, akachomoa kalamu nyekundu. "Huu mkataba una makosa. Hapa umeruka mkato. Na hapa, 'kwa hiyo' huandikwa maneno mawili."

"Nitarekebisha, Mzee."

"Rekebisha na hili pia." Alisukuma mezani picha ya kava. Ilikuwa ya vijana watano wenye suruali pana na msichana mmoja katikati, mikono wazi, kichwa nyuma, anacheka meno yote nje. "Wajukuu zangu wamwone bibi yao hivi?"

"Kaka, wajukuu zako wameshaiona. Wameiweka kwenye simu zao."

"Nani kawapa?"

"Mimi."

Besi alitazama chini haraka, lakini tabasamu lilikuwa limeshamponyoka. Mwalimu Mkuu akaliona, na uso wake ukakaza.

"Sikilizeni. Mimi si adui wa mtu," alisema. "Dada yangu alikuja kuniomba ushauri, na ushauri wangu ni huu. Wimbo utoke, sawa. Lakini picha iondolewe, na penye jina lake iandikwe 'mwimbaji hajulikani'. Anatia sahihi kwenye karatasi, jina halitoki nje. Kila mtu anabaki na heshima yake. Ya kale hayanuki, tusiyafukue."

Fundi wa sauti alimtazama Mama Vifungo. Besi hakumtazama, alitazama vidole vyake vyenye grisi.

Na Mama Vifungo? Jamani, alikuwa amechoka. Kaka huyu ndiye aliyemlipia shule baba yao alipofariki, yeye na wadogo zake wanne, kabla hajawa na mke wala kitanda cha maana. Kumbishia ilikuwa ni kama kubishana na sahani uliyolia chakula. Tena jina ni nini? Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Alifungua mdomo aseme sawa.

"Tusikilize kwanza," alisema Besi. "Mtu hauzi kitu hajakiona."

Fundi wa sauti alifurahi kupata la kufanya. "Nimeisafisha kwa wiki tatu, mkwaruzo mmoja mmoja. Huu ni upande wa pili, 'Nisubiri Ngazini'."

Akabonyeza. Ngoma zikaingia, tarumbeta ikajibu, kisha sauti ya msichana wa miaka ishirini ikajaa chumbani, safi, haina hofu na mtu. *Nisubiri ngazini, nashuka, usihesabu saa, hesabu hatua.* Mama Vifungo aliisikiliza kama anavyosikiliza mtu mwana wa jirani akisifiwa. Alimpenda msichana yule. Alitamani kumwonya.

Ubeti wa pili ukaisha. Vyombo vyote vikanyamaza, kama ulivyotungwa, kwa hesabu ya nne nzima. Halafu besi ikaingia, nzito, na wimbo ukaruka.

"Simamisha," alisema Besi.

"Kuna tatizo, Mzee?"

"Rudisha nyuma kidogo. Hapo. Piga."

Kimya. Besi. Wimbo.

"Rudisha tena."

Kimya. Besi. Wimbo.

Mzee alikuwa amekunja uso, sikio ameliinamisha kwenye spika kama analisikiliza bomba linalovuja. "Nani kaniita hapa?"

"Sijaelewa."

"Nimeingia. Sawa, nimeingia kwa wakati. Lakini nani kaniita? Mimi siingii pale bila kuitwa. Binti, umetoa kitu."

"Nimetoa mikwaruzo tu. Pale palikuwa na miwili mikubwa, imefuatana..." Fundi wa sauti akaufuata kwa macho mkono wa Besi, uliokuwa unamwonyesha Mama Vifungo, kifundo cha mkono.

"Bangili," alisema Mama Vifungo kwa sauti ndogo.

"Bangili zake," alisema Besi. "Umetoa bangili zake."

Fundi wa sauti alijipiga kofi la paja. "Mungu wangu! Na ninazo! Nimehifadhi rekodi ghafi." Akapekua kwenye kompyuta, akabonyeza. Sasa wimbo ulitatarika kama mafuta ya moto yaliyodondokewa maji, mikwaruzo chungu nzima, lakini ubeti wa pili ulipoisha na vyombo kunyamaza, katikati ya mikwaruzo ile ikasikika wazi, chwa-chwa! Ndipo besi ikaingia.

"Nilidhani ni uchafu," alisema binti. "Mashine iliionyesha hivyohivyo, vijiti viwili vya mikwaruzo. Nikaifuta kwa mkono wangu. Lakini kwa nini bangili?"

Mama Vifungo alijikuta anaeleza, na alivyoeleza miaka ilimdondoka. "Studio ile ilikuwa chumba kama hiki. Besi ilikuwa inaingia kwenye maikrofoni yangu, basi yule bwana wa studio akaweka ubao wa plaiwudi kati yetu. Sioni mtu, hanioni. Na pale penye kimya, kila tukipiga, huyu anaingia mapema au anachelewa. Tumeharibu mara kumi na moja! Mwisho nikamwambia, wewe kaa huko, nikitikisa bangili mara mbili, ingia. Bwana wa studio akasema nivue, zinapiga kelele. Nikamwambia utanivua mkono kwanza."

"Alisema hivyohivyo," Besi alimwambia binti. "Mbele ya mwenye studio. Chiriku huyu alikuwa na mdomo!"

"Nani alimnunulia hizo bangili?" aliuliza fundi wa sauti, na swali lilikuwa limeshatoka kabla hajaona uso wa Mwalimu Mkuu.

"Mimi," alisema Besi.

"Yatosha!" Mwalimu Mkuu aligonga meza kwa kalamu. "Hatukupanda ngazi ishirini na mbili kwa ajili ya kelele za bangili. Irudishwe, isirudishwe, hilo ni la mafundi."

"Kaka yako ana haki ya kukasirika," alisema Besi, akimwambia Mama Vifungo juu ya kofia. "Lakini mimi nimekaa na neno moja miaka arobaini na minne, na leo nikiondoka nalo nitazikwa nalo. Unaikumbuka siku niliyokuja kwenu kukuomba?"

Angeisahau vipi? Alikuwa nyuma ya pazia la sebuleni, trei ya chai mikononi. Besi alikuja na wajomba zake wawili. Mwalimu Mkuu alikuwa amemtumia habari kwamba dada yake haolewi na mpiga gitaa. Siku ile Besi akatangaza ameuza gitaa, bendi imevunjika. Na Mwalimu Mkuu, mwenye miaka thelathini na mitatu, akamjibu mbele ya watu kumi na mmoja: "Sasa huna hata gitaa. Utamlisha nini?"

"Nilipokuwa na gitaa, ulisema mhuni," alisema Besi sasa, bila hasira. "Nilipouza gitaa, ukasema sina kazi. Mzee, hapo ulinimaliza, sina la kusema. Lakini sikuondoka kwa maneno yako. Mimi nilikuwa nasikiliza pazia."

"Pazia?" alisema fundi wa sauti.

"Kaka yake alimwuliza, mara tatu. 'Unamtaka mtu huyu?' Sikungoja aseme. Najua msichana wa kwao hapayuki mbele ya wageni. Nikasema moyoni, atikise tu mkono. Mara mbili. Nitajua, nitabaki, nitagombana na ukoo mzima." Alifuta grisi ya kidole kwenye suruali. "Sikusikia kitu. Nikasema basi, sikuitwa. Mimi siingii bila kuitwa."

Machozi yalimjia Mama Vifungo bila kubisha hodi. "Niliweka trei chini. Nikazishika," alisema. "Kwa mkono wa pili. Nilizibana mpaka zikaacha alama, zisilie. Kwa sababu nilijua zikilia tu, utasikia."

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Baba alikuwa hana hata mwaka kaburini. Wadogo wanne hawajamaliza shule. Nilimwogopa Kaka, na zaidi ya kumwogopa nilimhurumia. Kisha nikajiambia, kama kweli ananipenda atarudi kesho. Nikangoja kesho hiyo mpaka nikaolewa."

Besi alifuta uso kwa kiganja chote. "Na mimi niliingoja bangili mpaka nikaoa. Mke wangu tuliachana mwaka wa nne. Alisema akiongea na mimi, naonekana nasikiliza kitu kingine. Alikuwa na haki, maskini."

"Nilimwuliza mara tatu," alisema Mwalimu Mkuu. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Alinyamaza. Kimya ni jibu. Nilikuwa na watoto watano wa baba mezani, ningefanya nini? Maji yakimwagika hayazoleki."

Besi alivuta mkataba, akatia sahihi yake kubwa ya kifundi ukurasa wa tatu, akausogeza mbele ya kofia.

"Yangu hiyo. Jina langu liandikwe, lisiandikwe, shauri yenu. Ila wimbo usitoke bila bangili." Akasimama, magoti yakalia. "Nitakaa nje kwenye benchi. Sitaki atie sahihi kwa kuniangalia mimi, wala akatae kwa kuniangalia mimi. Chiriku, fanya unalotaka wewe. Leo hakuna watu kumi na mmoja."

Akatoka. Mlango ukafungwa, na benchi la koridoni likasikika likilia.

Mwalimu Mkuu akavuta karatasi, akarudia ukaguzi wake. "Haya. Binti, andika kama nilivyosema. Picha itoke. 'Mwimbaji hajulikani.' Bangili zirudishwe, sina ugomvi na bangili. Mama Vifungo, unaridhia?"

Mama Vifungo alikuwa ameinama juu ya mkoba.

"Mama Vifungo. Nakuuliza mara ya pili."

Kikopo kikafunguka, tak.

"Mara ya tatu." Mwalimu Mkuu alimgeukia fundi wa sauti. "Umeona mwenyewe. Amenyamaza, maana yake amekubali."

"Sijanyamaza," alisema dada yake. "Nilikuwa navaa."

Bangili mbili za kwanza zilipita kwa taabu. Ya tatu iligoma kwenye kifundo cha gumba, pale ambapo miaka ya sindano ilikuwa imevimbisha mfupa. Fundi wa sauti, bila kuulizwa, alimpa kichupa cha mafuta ya mashine ya santuri. Tone moja, ya tatu ikapita. Tone la pili, ya nne. Tatu zilizobaki zilikataa katakata, na Mama Vifungo akaziacha kikoponi.

"Kaka," alisema. "Ulinilisha, na sitasahau mpaka nife. Wadogo zangu wanne wamesoma kwa jasho lako. Lakini siku ile uliniuliza mara tatu, na mara zote tatu ukajibu wewe. Leo niulize mara moja, ungoje."

Mwalimu Mkuu aliigeuzageuza kalamu vidoleni, na kwa mara ya kwanza Mama Vifungo aliona kwamba kaka yake ni mzee, na kwamba naye alikuwa amebeba siku ile muda wote.

"Unataka nini?" aliuliza Mwalimu Mkuu. Akangoja.

"Nataka jina langu. Lote, na la baba, kwa herufi kubwa, chini ya picha. Na picha ibaki, meno yote nje. Na nataka lile uliloniuliza siku ile pia, kama mwenyewe bado ananitaka. Nipe kalamu."

Mwalimu Mkuu alimpa ile iliyokuwa mkononi, kisha akamnyang'anya. "Sahihi haitiwi kwa wino mwekundu," alisema kwa ukali. Akachomoa ya bluu, akaifungua kifuniko mwenyewe, akampa.

Mama Vifungo aliandika polepole, kwa mwandiko aliofundishwa na kaka huyohuyo. Alipomaliza aliweka kalamu chini na kunyoosha mkono wa kushoto kuelekea mlangoni, kama vile pale katikati pamesimama ubao wa plaiwudi.

Akatikisa mara mbili.

Chwa-chwa.

Fundi wa sauti, kwa mazoea ya kazi, alianza kuhesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Huko koridoni benchi likalia, kisha likanyamaza. Tano. Sita. Mama Vifungo alishusha mkono taratibu.

Kitasa kikazunguka. Besi alisimama mlangoni, macho mekundu, leso imesokotwa mkononi.

"Samahani," alisema. "Leo nimechelewa kuingia. Nilikuwa najifuta."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi ingia."

Mwalimu Mkuu alikitazama kiti cha tatu kwa muda. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua kofia yake, akaiweka magotini.